Meno ya Juu ya Nuru

Shuleni, bondeni Ruvuma
6 Mei 2024

Mdogo wangu Yasmini,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mwalimu. Barua hii atakuletea Rajabu wa mikate, yule mwenye pikipiki, anayekuja huku kila Jumatatu na Ijumaa. Usinicheke kwamba tumerudi enzi za babu. Mtandao huku unapatikana juu ya mnara wa tangi la maji la shule, na mimi kupanda ngazi ile na gauni mbele ya wanafunzi siwezi. Halafu hata nikikupigia nikiwa mjini, simu yako inapokelewa na watu wanne kabla hujafika wewe, na tukianza tu kuongea nasikia mtu anakohoa pembeni. Tuandikiane basi.

La kazi ni hili. Nimesahihisha mtihani wangu wa kwanza wa kidato cha pili. Wanafunzi sitini na mmoja, waliofaulu Kiingereza ni wanne. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea, wakabaki wanne. Jioni ile nilitoa begi chini ya kitanda. Kesho yake mkuu wa shule alisoma taarifa yangu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu maneno mawili, teething troubles, akanirudishia na kuendelea na chai yake.

Wewe Kiingereza ulikiacha darasani pamoja na daftari, kwa hiyo nakueleza. Maana yake ni matatizo ya kuota meno. Mwingereza akianzisha jambo jipya likaanza kwa kusuasua, hasemi limeshindikana, anasema linaota meno. Mtoto anayeota meno hulialia, hakai, halali, na mama wa mara ya kwanza hudhani mwanawe anakufa. Wiki mbili baadaye anatafuna mkate. Lakini msemo huo una mipaka yake. Unatumika kwa mwanzo tu, na kwa kitu kipya. Mashine ya kukoboa mpunga ya hapa kijijini ina mwezi mmoja, ikizimazima hayo ni meno. Pikipiki ya Rajabu ina miaka kumi na tano, ikizima huo ni uzee.

Niliufundisha darasani siku ile ile. Msichana mmoja, Marlene, akanyoosha mkono akauliza kama na mimi mwalimu naota meno. Darasa zima likacheka, nikakubali kwamba ndiyo, naota. Begi nimelirudisha chini ya kitanda.

Nuru wetu hajambo? Kwa miezi saba lazima na yeye yuko kwenye kazi hiyo hiyo. Nani kaliona jino la kwanza? Msalimie shemeji Shafii na mama mkwe wako.

Dada yako,
Zulfa

Mikindani
10 Mei 2024

Dada Zulfa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, ndiko peke yake mlango una komeo. Nilipofika kwenye meno nikakaa chini. Hebu waulize Waingereza wako wanasemaje kwa mtoto aliyeanza na meno ya juu.

Ndiyo, dada. Yametoka mawili, yote ya juu, na chini hakuna hata dalili. Niliyaona Jumapili nikimnyonyesha, aliponiuma. Unajua mtoto wa namna hiyo anavyoitwa. Kigego, mtoto wa nuksi, anayeondoka na jamaa zake mmoja mmoja. Utasema ni upuuzi, na mimi nasema hivyo hivyo jua likiwa kali. Lakini nyumba hii ina mambo yake tangu Nuru azaliwe. Baba mkwe alifariki Nuru akiwa na siku kumi na tatu. Injini ya boti ya Shafii ilikufa Desemba. Mchumba wa kwanza wa wifi yangu Latifa aliingia mitini baada ya kutoa barua ya posa. Yote hayo yalikuwa hayana mwenyewe. Wakijua, watambandikia mwanangu.

Na hapa kwetu wana kawaida yao, kwamba anayeliona jino la kwanza humpa mtoto zawadi mbele ya watu. Kwa hiyo kila mtu anataka kutia kidole. Nimewaambia Nuru ana utandu mdomoni, asiguswe. Kila asubuhi nampaka ile dawa ya zambarau, ufizi mzima, pamoja na meno. Mdomo umekuwa rangi ya biringanya na akicheka watoto wa jirani wanakimbia.

Nangoja ya chini. Yakishatoka ya chini, nani atajua yapi yalitangulia? Wiki tatu, nne labda. Hata Shafii sijamwambia. Anajua Mungu, najua mimi, na sasa unajua wewe. Ukimaliza kusoma, choma.

Mdogo wako,
Yasmini

Shuleni, bondeni Ruvuma
17 Mei 2024

Yasmini,

Sijaichoma, nimeiweka ndani ya kamusi ambako hakuna mwanafunzi atakayeigusa.

Nimemuuliza nesi wa zahanati ya hapa, bila kutaja jina. Akasema wengi huanza chini, wengine huanza juu, na amewahi kumpokea mmoja aliyezaliwa nalo kabisa, na sasa ni fundi seremala mwenye watoto. Hayo ndiyo majibu. Mtoto mzima unampaka dawa ya ugonjwa asiokuwa nao ili watu wazima wasiogope.

Mwambie Shafii leo. Mama mkwe mwambie kesho, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Sema kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema unga umeisha. Jambo likisemwa wazi huisha nguvu, na haya nayo ni ya mwanzo tu, yatapita. Nakujua, mdogo wangu. Ukijificha huwa unakonda.

Na mimi sijambo. Nimegundua wanafunzi wangu hawaelewi maswali, si kwamba hawajui majibu. Sasa tunasoma maswali tu, wiki nzima, bila kujibu. Mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni.

Zulfa

Mikindani
24 Mei 2024

Dada,

Wewe ni hodari wa kusema ukweli ukiwa bondeni huko na mimi nikiwa humu ndani.

Sikiliza. Latifa amepata mchumba mwingine, mtu mzuri wa Chuno, na harusi ni tarehe 29 Juni. Bi Mwanakombo atakuja kutoka Lindi kuisimamia. Huyo ni dada yake marehemu baba mkwe, na akisema jambo katika ukoo huu limekwisha. Juzi tunamenya muhogo, Latifa akaanza kusimulia mambo ya zamani, kwamba kigego alikuwa hakai nyumbani, anatolewa, anapewa watu wa mbali wasiojuana na ukoo. Alikuwa anajisemea tu, hana habari. Lakini mama mkwe alisimama na kisu mkononi, akaenda uani, akakaa huko mpaka muhogo ukaiva. Nilimwona uso wake. Hakuna mtu katika nyumba hii anayeyaogopa meno ya juu kama Mama Mwasiti. Na huyo ndiye unayetaka nimwambie asubuhi na chai.

Wakitaka kumtoa Nuru nitatoka naye. Ninachoogopa ni Shafii. Ni mume mwema, lakini mbele ya mama yake na shangazi yake sijawahi kumsikia akisema hapana. Sitaki kujua siku hiyo atakuwa upande gani.

Chupa ya dawa nilidhani itaisha, lakini kila nikiitazama iko nusu. Nimeamua ni baraka. Niapie kwamba hutamwambia mtu. Niandikie tu neno hilo, naapa, nipate kulala.

Yasmini

Shuleni, bondeni Ruvuma
3 Juni 2024

Mama yangu mheshimiwa Bi Mwasiti,

Shikamoo, Mama. Natumaini wewe na wote hapo nyumbani ni wazima. Nakupa hongera ya harusi ya Latifa, Mungu aijalie heri. Rajabu nimemwambia akukabidhi barua hii mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Mimi hapa nafundisha Kiingereza, na Waingereza wana msemo wao kuhusu mambo yanayoanza kwa shida. Husema ni matatizo ya kuota meno. Nimeufikiria sana msemo huo. Wao hawaulizi meno yameanzia wapi. Kwao jambo kubwa ni kwamba mtoto anakua, na homa ya mwanzo si dalili ya mwisho wake. Nikasema nikuandikie, Mama, maana wewe umelea watoto wengi na umeona mianzo mingi, na mtu aliyeona mengi hutazama mambo kwa utulivu kuliko sisi vijana.

Naona nazunguka. Mama, nimemwapia mdogo wangu kwamba sitasema, na sasa nasema. Meno ya Nuru yametangulia ya juu. Yasmini anayaficha kwa sababu anakuogopa wewe, na anakuogopa kwa sababu anakupenda. Kama kuna hasira, niwekee mimi. Mtoto hana kosa, na mama yake naye hana.

Mwanao,
Zulfa

Mikindani
10 Juni 2024

Mwanangu Zulfa,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Nilisoma elimu ya watu wazima mwaka wa sabini na sita, nikapewa cheti, kwa hiyo usinitilie wino mwekundu.

Umezunguka kwa Waingereza ukurasa mzima kabla ya kufika mdomoni mwa mjukuu wangu. Meno hayo nayajua. Niliyagusa kwa kidole usiku wa homa, mama yake amelala, siku mbili kabla hajamuuma titi. Chupa ya dawa naijaza mimi. Nilinunua nyingine duka la dawa la Rahaleo, naichanganya na maji yaliyochemka ili isimkaushe mtoto mdomo. Yasmini anadhani anatuficha sote. Nimemwacha adhani, maana anafanya vizuri.

Barua zako Yasmini huzificha chini ya godoro ninaloanika mimi, na humo umemwambia jambo likisemwa wazi huisha nguvu. Mimi nilisema wazi. Mwaka wa sabini na nne, nina miaka kumi na tisa, nina mtoto wa kwanza, Kassimu. Yalipotoka ya juu nilimbeba mbio mpaka kwa mama mkwe wangu, nikamfunua mdomo mimi mwenyewe kwa furaha. Habari za kigego nilikuwa nazo. Nilidhani watu wanaokula sinia moja hawawezi kufanyiana vile. Siku ya tatu wifi yangu Mwanakombo alimfunga mgongoni akatoka naye. Walimpeleka huko huko uliko, kwa mtu na mkewe waliovuka mto kwa ajili ya vita, Alfredo na Graca, hawakuwa na mtoto. Mume wangu alikuwa safarini. Aliporudi alinyamaza, nami nikanyamaza. Tukazaa wengine. Shafii na Latifa hawajui kwamba wana kaka.

Yupo. Anaitwa Kassimu Alfredo, analima mpunga bondeni. Mara mbili nimemwona soko la Mtwara. Nilinunua mchele wake kilo mbili, akanipimia vizuri, akaniita mama kama wanavyomwita kila mteja. Nikaondoka.

Kwa hiyo, mwalimu, meno siyaogopi. Naogopa watu. Usimwambie Yasmini kwamba najua. Nataka kusema mimi, mbele ya Mwanakombo na mbele ya wote, siku nitakayoichagua. Sitamwacha msichana wa miaka ishirini na nne asimame peke yake kama nilivyosimama mimi.

Msemo wa Waingereza wako nimeuelewa. Unafaa kwa mashine ya mpunga. Yapo mengine ya mwanzo hayapiti mpaka mtu ayazuie mlangoni.

Mama yako,
Mwasiti binti Hemedi

Mikindani
1 Julai 2024

Dada Zulfa,

Shikamoo. Nimekukasirikia siku mbili kamili na ninataka ujue hivyo kabla sijakushukuru. Uliandika naapa kwa mwandiko mzuri wa kiualimu, halafu ukamwandikia mama mkwe wangu, naye kanionyesha barua yako. Ukija likizo utafua nguo za Nuru wiki nzima.

Sasa sikiliza. Alhamisi ilikuwa siku ya hina ya Latifa. Wanawake wamejaa ukumbini, Bi Mwanakombo amekaa kwenye kiti peke yake, miguu juu ya kigoda. Akamtaka Nuru. Nikasema ana utandu, Bibi, mdomo una dawa. Akasema amelea watoto kabla mama yangu hajazaliwa, utandu haumtishi, mlete. Nilisimama pale na mwanangu, mikono haitaki kufunguka.

Mama Mwasiti akatoka jikoni. Akamchukua Nuru kwangu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, taratibu, mpaka zambarau ikatoka. Akamgeuza kwa watu. Nakuandikia kama alivyosema, maana sitasahau.

"Ni ya juu. Nimeyajua tangu mwezi wa tano. Mwaka ule mlinichukulia Kassimu nikanyamaza. Huyu hatoki."

Latifa, hina mikono yote miwili, akauliza Kassimu ni nani. Basi mama mkwe akawaeleza, palepale, amesimama, mtoto begani. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilivyomwona siku ile ya muhogo nilidhani ni woga. Nilikosea kabisa, dada, na nimemwomba radhi.

Bi Mwanakombo alishusha miguu kutoka kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshapanga moyoni kanga zangu zipi nitabeba. Kisha akasema alikuwa na miaka ishirini na mbili, alitumwa, na njia nzima mtoto alimshika sikio asimwachie. Akamuuliza mama mkwe kama amewahi kumwona tena. Mama akasema mara mbili, sokoni. Bi Mwanakombo akaanza kulia, yule mama ambaye hata msibani hatukumwona akilia. Akaomba apewe Nuru. Mama mkwe alifikiri kwanza, akampa, lakini akabaki amesimama karibu.

Shafii alikuwa barazani, alisikia kila neno. Aliingia ukumbini kwa wanawake bila hodi, akasimama nyuma yangu. Akamwambia shangazi yake kwamba anayetaka kumtoa mwanawe aanze na yeye. Mimi niliyekuwa siujui upande wake sasa naujua, na ndiyo maana nakuandikia huku nacheka.

Harusi ilikwenda vizuri. Jana, siku tatu tu baada ya vurugu zote hizo, likatoka la chini. Mama mkwe kasema limechelewa, halina kazi tena.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa. Ameandika usiku mzima wa jana, hakutaka nimsaidie hata herufi moja. Anaomba uipeleke mwenyewe, usimpe Rajabu.

Mdogo wako,
Yasmini

Mikindani
30 Juni 2024

Kassimu,

Mimi ni Mwasiti wa Mikindani. Ndiye niliyekuzaa. Atakayekuletea barua hii ni mwalimu, dada wa mkwe wangu, ni mtu wa kuaminika ingawa anapenda kuzunguka.

Ulitolewa kwangu ukiwa na miezi minane kwa sababu meno yako yalitangulia juu. Hukuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Niliwaonyesha kwa sababu nilikuwa na furaha na wewe, na kwa hilo nimejilaumu mpaka leo.

Wasikuambie kwamba nilikutoa kwa hiari. Nilikimbia nyuma yenu mpaka mwisho wa minazi, wanawake wawili wakanikamata wakanirudisha. Nililia mpaka sauti ikakatika, wiki nzima nikawa nasema kwa mikono. Maziwa yalinijaa siku tisa. Nilikuwa nayakamua nyuma ya nyumba, kwenye mchanga, nikijua uko mahali una njaa. Baadaye niliambiwa Graca alikupa uji wa mchele na ukanenepa. Mungu amlipe, maana mimi sikuweza.

Kisha nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu la pili na ni kubwa kuliko la kwanza. Nilikuona sokoni nikanunua mchele, nikakosa neno.

Sikuombi kitu. Una ndugu wawili, Shafii na Latifa, wamejua juzi na wanakuulizia kila saa. Na kuna mtoto humu ndani, Nuru, ameanza kama wewe. Yeye amebaki.

Mwasiti binti Hemedi

Bondeni Ruvuma
5 Julai 2024

Mama,

Neno hilo hapo juu limenichukua siku mbili, ndiyo sababu barua imechelewa. Shikamoo.

Mwalimu aliniletea yako shambani. Alianza na habari za Waingereza, nikamwambia nina mpunga wa kukinga ndege, akanipa bahasha. Nikaisoma nimesimama ndani ya maji.

Mama Graca aliniambia mapema, nikiwa na miaka kumi hivi. Meno, nyumba, mpaka jina lako. Hakunificha kitu, na yeye na Baba Alfredo walinilea vizuri, wote wawili wamelala hapa kando ya mto. Jina langu hawakulibadilisha. Kwa hiyo sokoni ile mara ya pili, mwenzako alipokuita Mwasiti, nilikujua. Ulilipia kilo mbili, nikakupimia mbili na nusu, nikasubiri useme. Hukusema, na mimi nikashindwa kuanza, nikarudi na hasira zangu kwenye gari.

Jumapili nakuja. Naja na mke wangu na watoto watano, na gunia moja la mchele, usinunue. Shafii mwambie atupokee stendi maana njia ya nyumba yenu siijui, nilipotoka nilikuwa mgongoni kwa mtu. Bi Mwanakombo kama hajarudi Lindi mwambie angoje, nitamsalimia na yeye.

Nilikuwa na swali moja, tangu utoto. Nilimuuliza Mama Graca, akasema hakuwepo, hajui, na hakutaka kunidanganya. Nilitaka kujua kama ulilia. Miaka arobaini nimelima na swali hilo, nimeoa nalo, nimezaa nalo. Sasa umenijibu. Usilie tena, Mama. Jumapili saa nne nitakuwa mlangoni.

Mwanao,
Kassimu